Risasi Isiyohitaji Bunduki

Bumu bado halijaingia, maji hosteli yamekatika tangu juzi, lakini maisha yanasonga. Leo sina stori za kafteria. Nina stori ya historia, ndefu kidogo, kwa hiyo kama kesho una kipindi cha saa moja asubuhi kalale kwanza, hii haitakimbia.

Inahusu hewa. Si ile hewa ya jumla jumla tunayohutubiwa kwenye siku ya mazingira, bali kitu kimoja tu kilichoanza kuuzwa ndani ya petroli mwaka 1923, kikatoka kwenye ekzosi za magari karibu dunia nzima, na kikaondoka kwenye vituo vya mafuta vya Afrika kusini mwa Sahara kufikia tarehe 1 Januari 2006 tu. Hebu piga hesabu ya umri wako uone ulikuwa wapi siku hiyo. Mimi nilikuwa tayari natembea na kula mchanga.

Kitu chenyewe ni risasi.

Hapa Kiswahili kimetusaidia sana. Risasi kwetu ni ile metali nzito ya kijivu iliyomo kwenye betri za magari, ile ambayo wavuvi wanazamishia nyavu, na pia ni ile inayotoka kwenye bunduki. Neno moja. Waliokuwa wanaiuza Marekani mwaka 1923 waliikwepa kabisa hiyo aibu. Petroli yao waliipa jina zuri, Ethyl, na neno risasi hawakuliweka kwenye jina wala kwenye matangazo. Wangekuja kuuza kwa Kiswahili sijui wangefanyaje. Kituo gani kingeandika "petroli yenye risasi" kisha wateja wapange foleni?

ILIVYOANZA

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia magari ya Marekani yalikuwa na ugonjwa mmoja: injini zilikuwa zinagonga. Sehemu ya petroli ilikuwa inajiwakia yenyewe ndani ya silinda, nje ya mpangilio, injini inalia kama mtu anapiga bati kwa nyundo na nguvu inapungua. Kampuni ya General Motors ikamweka mhandisi wake Thomas Midgley, chini ya bosi wake Charles Kettering, atafute dawa. Wakajaribu vitu vingi sana. Tarehe 9 Desemba 1921, kule Dayton, Ohio, wakatia kimiminika kinachoitwa tetraethili ya risasi, na injini ikatulia tuli. Kilitosha kidogo mno, kama sehemu moja kwa sehemu 1,300 za petroli.

Sasa bwana, Midgley na wenzake walikuwa wanajua dawa nyingine: ethanoli, yaani spiriti, ambayo unaweza kuitengeneza kwa mahindi au miwa. Nayo ilikuwa inatuliza injini. Ni kweli ilihitajika nyingi zaidi. Lakini ilikuwa na kasoro nyingine ambayo wafanyabiashara wanaielewa haraka: huwezi kujimilikisha. Kila mtu anajua kupika pombe. Tetraethili ya risasi iliyotiwa kwenye petroli unaweza kuiwekea hataza, na kila gari linalojaza tangi linakulipa.

Na msidhani walikuwa hawajui kwamba risasi ni sumu. Hilo lilijulikana tangu enzi za Wagiriki na Warumi. Wanasayansi walimwonya Midgley mapema tu mwaka 1922. Mwanzoni mwa 1923 Midgley mwenyewe aliugua kwa kuivuta hiyo risasi, akaenda Florida kupumzisha mapafu. Februari mwaka huohuo galoni za kwanza zikaanza kuuzwa Dayton. Yaani mgunduzi yuko mapumzikoni anajiuguza sumu, na sumu iko dukani!

MWAKA WALIOKUFA WATU

Oktoba 1924, kwenye mtambo wa Standard Oil kule Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wanatengeneza tetraethili walianza kuweweseka. Wengine ilibidi wafungwe ili wasijidhuru. Ndani ya siku chache watu 5 walikufa na wengine zaidi ya 30 wakalazwa. Kwenye kiwanda kingine cha jimbo hilohilo, pale Deepwater, wafanyakazi walikuwa wanaona wadudu ambao hawapo, wakawa wanajaribu kuwafukuza kwa mikono, mpaka jengo lao likabatizwa jina la nyumba ya vipepeo.

Tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley akaita waandishi wa habari. Mbele yao akanawa mikono kwa tetraethili, kisha akaiweka chupa chini ya pua akavuta kwa sekunde 60. Akasema anaweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Huyu ndiye yuleyule aliyetoka kujiuguza mwaka mmoja na nusu kabla.

Tarehe 20 Mei 1925 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akaitisha mkutano Washington. Upande mmoja alikuwepo Dk. Alice Hamilton wa Harvard, mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu pale, ambaye alikuwa ametembea viwanda vingi kuliko mtu yeyote akichunguza wafanyakazi waliodhuriwa na risasi. Alikuwepo pia Profesa Yandell Henderson wa Yale. Hawa walisema jambo rahisi: waliokufa kiwandani si hoja pekee, hoja kubwa ni vumbi jepesi la risasi litakalotoka kwenye kila ekzosi, kila barabara, kila siku, likaingia kwa watu polepole mpaka hakuna atakayejua limetoka wapi. Upande wa pili kulikuwa na kampuni, na mmoja wa wawakilishi wao aliita hiyo tetraethili zawadi ya Mungu.

Kampuni zilikuwa pia na daktari kijana anaitwa Robert Kehoe. Hoja yake ndiyo iliyotawala miaka 40 iliyofuata, na ndiyo sababu nimekaa kuandika yote haya. Kwa maneno yangu ilikuwa hivi: mkituonyesha kwa ushahidi kwamba inadhuru umma, tutaacha, lakini mpaka hapo tunaendelea.

Ukiisoma haraka inasikika ya haki kabisa, tena ya kisayansi. Isome tena taratibu. Mtengenezaji hahitaji kuthibitisha kwamba kitu chake ni salama. Anayevuta moshi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ameumia. Na wakati anatafuta ushahidi anaendelea kuvuta.

Kamati ya wataalamu ikapima madereva na watu wa gereji 252 kwa miezi michache. Januari 1926 ikasema haijaona sababu nzuri ya kupiga marufuku, ila ikashauri utafiti uendelee kwa miaka mingi na kwa fedha za serikali, kwa sababu madhara yanaweza kuchelewa kuonekana. Fedha za serikali hazikutoka. Utafiti ulioendelea, kwa sehemu kubwa, ulifanywa na maabara ya Kehoe mwenyewe pale Cincinnati, kwa pesa za waliokuwa wanauza. Kehoe akawa anasema risasi mwilini ni jambo la kawaida, kila binadamu anayo, na mtu hana tatizo hadi afike mikrogramu 80 kwa kila desilita moja ya damu. Ishikeni hiyo 80, tutairudia.

MTU ALIYETAFUTA UMRI WA DUNIA

Hapa ndipo historia inakuwa tamu, maana aliyeivuruga biashara hii hakuwa hata daktari. Alikuwa mwanajiokemia, Clair Patterson. Miaka ya 1950 alikuwa anatafuta umri wa Dunia kwa kupima risasi iliyomo kwenye vimondo. Shida ikawa kila akipima anapata risasi nyingi mno, tena kila mara kiasi tofauti. Kumbe ilikuwa inatoka kila mahali: kwenye vumbi la maabara, kwenye maji, kwenye nguo, kwenye nywele zake. Ikabidi ajenge moja ya maabara safi za kwanza duniani, chumba kinachochujwa hewa na kufutwa vumbi kila mara. Mwaka 1956 akachapisha jibu ambalo tunalitumia mpaka leo: miaka bilioni 4.55.

Mtu mwingine angechukua sifa akaendelea na maisha. Patterson akauliza: hii risasi iliyonisumbua miaka yote, imetoka wapi? Akapima bahari, akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya chini sana, yaani imeingia juzi juzi na imetoka juu, hewani. Yeye na wenzake wakachimba barafu ya Greenland, ambayo imejipanga kwa matabaka ya miaka kama kurasa za daftari. Kurasa za zamani zilikuwa na risasi kidogo mno, na kadiri unavyokuja kwenye karne ya magari inapanda kwa kasi. Baadaye wakapima mifupa ya kale ya Peru, wakakuta watu wa leo wamebeba risasi mara mamia kuliko wale wa kale.

Mnaona alichokifanya? Kehoe alikuwa anasema risasi mwilini ni ya kawaida kwa sababu kila aliyempima alikuwa nayo. Patterson akaonyesha kwamba kila mtu alikuwa nayo kwa sababu kila mtu alikuwa amechafuliwa. Ukitaka kujua maji safi yana rangi gani, usichote kwenye mtaro ukasema mbona mitaro yote iko hivi.

Mwaka 1965 akaandika hayo hadharani. Mkataba wake wa utafiti na taasisi ya kampuni za mafuta ukakatika. Mwaka 1971 taifa lilipounda jopo la kuchunguza risasi hewani, yeye, aliyejua kuipima kuliko wote, hakuwekwa.

MENO YA WATOTO

Lakini barafu haina mama wa kulia. Ilibidi mtu aonyeshe kwa watoto. Dk. Herbert Needleman alipata wazo ambalo hata bibi yangu angelikubali: meno ya utoto. Risasi ikiingia mwilini inakimbilia kwenye mifupa na meno, kwa hiyo jino linalong'oka darasa la kwanza linatunza kumbukumbu ya miaka yote iliyopita. Akakusanya meno ya watoto wa miji ya Chelsea na Somerville, Massachusetts. Wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na walimu wao, bila kujua nani ana risasi na nani hana, waliwataja kuwa ndio wasiotulia na wasiofuata maelekezo. Hawakuwa wagonjwa. Hakuna aliyewahi kuwapeleka hospitali. Utafiti huo ulitoka mwaka 1979. Mwaka 1990 aliwafuatilia tena, akakuta wale wenye risasi nyingi ndio walioacha shule zaidi. Mwaka 1991 akatuhumiwa kwamba amepika takwimu. Akachunguzwa miaka kadhaa, akasafishwa tuhuma hiyo.

Nilipowasimulia jamaa hii hadithi kwenye kimbweta juzi, mmoja akauliza, "Sasa kama moshi ulikuwa sumu hivyo, mbona hatukuona watu wakianguka barabarani?" Ndugu yangu, hilo ndilo swali la Kehoe! Risasi ya kwenye hewa haifanyi kazi kama ya kwenye bunduki. Mwili wa mtoto unaidhania kuwa ni kalsiamu, kwa hiyo unaifungulia mlango. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo unaojengwa, inakwamisha mawasiliano ya chembe za neva. Mtoto akimeza kiasi kilekile anachomeza mtu mzima, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Mtoto yuko chini karibu na vumbi, mikono mdomoni. Akiwa na njaa, hana madini ya chuma wala kalsiamu ya kutosha, anafyonza zaidi. Kwa hiyo wa uswahilini anaumia kuliko wa ghorofani, hata kama wote wako barabara moja. Sehemu kubwa inabaki kwenye mifupa kwa miongo, na mama akipata mimba mifupa yake inaachia kidogo na mtoto anaanza kuipokea kabla hajazaliwa. Kwa watu wazima inapandisha presha, inaharibu figo, inaudhuru moyo.

Matokeo yake hayaonekani kwa macho. Mtoto ambaye angekuwa wa kwanza anakuwa wa kumi na mbili. Yule wa katikati anarudia darasa. Mzazi anasema mtoto mvivu, mwalimu anachukua fimbo. Nani atapeleka kesi mahakamani kwamba nimeibiwa alama 5 za akili na gari nisilolijua?

CHUJIO LA GARI NA UBONGO WA MTOTO

Ngoja niwape kipande kilichonichoma zaidi. Risasi ilipoanza kutolewa Marekani, sababu haikuwa watoto peke yao. Magari ya mwaka 1975 yalikuja na kifaa kwenye ekzosi cha kusafisha moshi mwingine, na kifaa hicho kikipitiwa na risasi kinakufa. Kwa hiyo ikabidi petroli isiyo na risasi iwepo ili kulinda chujio. Kipande cha chuma kilisikilizwa haraka kuliko ubongo wa binadamu!

Hata hivyo matokeo yalikuja, na ni miongoni mwa matokeo mazuri kabisa katika historia ya afya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtoto wa kawaida wa Marekani wa mwaka 1 hadi 5 alikuwa na mikrogramu kama 15 kwa desilita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa chini ya 4. Leo ni chini ya 1. Mwaka 1996 petroli hiyo ikapigwa marufuku kwa magari yote ya barabarani.

Na ile 80 ya Kehoe? Tazameni jinsi mstari wa hatari kwa mtoto ulivyoshuka kule Marekani kila sayansi ilipokaa vizuri: 60 miaka ya 1960, 40 mwaka 1971, 30 mwaka 1975, 25 mwaka 1985, 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, 3.5 mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani sasa linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kila mara waliokuwa chini ya mstari waliambiwa wako salama, na kila mara mstari ukaja kuwafikia.

NA SISI JE?

Wakati wenzetu wanasafisha, mzigo uliendelea kuja kwetu. Umoja wa Ulaya uliacha mwaka 2000. Mwaka 2002 nchi 117 zilikuwa bado zinatumia petroli yenye risasi, na nyingi ya nchi za Afrika zilikuwemo. Soko la matajiri lilipofungwa, maskini wakabaki kuwa ndio wateja. Mwaka 2010 kampuni ya Innospec, mtengenezaji mkubwa wa tetraethili, ilikiri makosa kwenye mahakama za Marekani na Uingereza kwamba ilihonga maafisa wa Iraki na Indonesia ili bidhaa yake iendelee kununuliwa. Sisemi mimi, imo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Juni 2001 nchi 25 za Afrika zilikutana Dakar zikaazimia kuiondoa. Mwaka 2002, kwenye mkutano mkuu wa dunia Johannesburg, ukaanzishwa ushirikiano wa mafuta safi, ukiratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, Nairobi. Hofu kubwa ilikuwa kwamba magari yetu chakavu yataungua vali bila risasi. Hayakuungua. Mtambo wa kusafishia mafuta wa Changamwe, Mombasa, uliacha kutia risasi, na kufikia Januari 2006 kusini mwa Sahara yote ikawa imetoka. Kilichochukua miaka 83 kilimalizika kwa miaka minne na nusu baada ya watu kuamua.

Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kuondoka kwa petroli hiyo kunazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Nilimpigia simu baba mdogo, fundi magari Gerezani tangu 1994.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu, bumu limetoka?"

Nikamwambia halijatoka, nikamuuliza kuhusu petroli ya zamani. Akacheka.

"Sisi ile tulikuwa tunanawia mikono kama maji. Mafuta ya kwenye tangi unanyonya kwa mpira, ukimeza kidogo unatema, unaendelea. Na mchana unakula hapohapo."

"Hakuna aliyewaambia?"

Akanyamaza kidogo. "Nani angetuambia? Waliokuwa wanaleta ndio walikuwa wanajua."

Baba mdogo ana presha. Hakuna daktari atakayeweza kumwambia kama ni ile petroli, au chumvi, au umri, au watoto wake. Hiyo ndiyo siri ya sumu ya hewani: inajificha ndani ya magonjwa ambayo yangekuwepo hata bila yenyewe. Ukitaka maiti zenye jina la muuaji hutazipata. Utazipata kwenye hesabu tu.

HAIJAISHA

Msije mkadhani hii ni habari ya zamani. Ndege ndogo za injini ya pistoni mpaka leo zinatumia mafuta yenye risasi. Na pale Mombasa kulitokea jambo ambalo ukiliweka kwenye ramani unashika kichwa. Mwaka 2006 risasi imetoka kwenye petroli ya Changamwe. Kuanzia 2007, jirani tu pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kikawa kinafanya kazi, kimepakana na kijiji cha Owino Uhuru chenye watu kama 3,000. Moshi ukawa unaingia ndani, mabati yanatoboka, watoto wanaugua. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo mwaka 2009, mtoto wake alipougua alipimwa akakutwa na risasi. Akaanza kupiga kelele. Akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, mwaka 2020 mahakama ikawapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Soma hiyo orodha ya miaka halafu niambie nani alibeba mzigo wa kuthibitisha. Mama mwenye mtoto mgonjwa. Miaka 15. Kehoe alikufa mwaka 1992 lakini kanuni yake bado inatembea mitaani.

Ndiyo maana naamini hii historia ni yetu, hasa nyie mnaosoma sheria, uhandisi, udaktari na uchumi, ambao miaka mitano ijayo mtakuwa mnakaa kwenye vikao vya kupitisha vibali. Siku hiyo ataletwa mtu mwenye suti nzuri na slaidi nzuri, atasema hakuna ushahidi kwamba moshi huu unadhuru. Kabla ya kugonga muhuri muulizeni maswali matatu tu. Nani alifanya huo utafiti, na kwa pesa ya nani? Waliopimwa walilinganishwa na watu wasiovuta huo moshi, au na wenzao wanaouvuta kila siku? Na wewe bwana, una ushahidi gani kwamba haudhuru? Swali la tatu ndilo ambalo Alice Hamilton na wenzake walitaka lijibiwe mwaka 1925, na petroli ikarudi sokoni bila jibu.

Na inawezekana. Nchi tano za Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilikubaliana kupunguza salfa kwenye dizeli na zikaanza kutumia kiwango kipya Januari 2015. Hakuna aliyesubiri watu waanguke barabarani kwanza.

Haya, umeme unachezacheza na betri ya kompyuta imebaki asilimia 9. Mwenye ndugu fundi gereji ampigie simu wiki hii, amwambie anawe kwa sabuni kabla ya kula, na akiwa anavunja betri asifanyie nyumbani kwenye watoto. Salamu kwa wote, na tuombee bumu.